TITA LA MABOMBA
Ukoo wa roketi uliojaribiwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Ihanda, wilayani Mbozi, kabla ya kufika Tunduma na kuingia Zambia. Mwanafunzi akaaye kando ya barabara hiyo huona kila siku malori ya matangi yakipeleka dizeli Zambia, na mengine yakiendelea hadi kwenye migodi ya Katanga. Ni wachache watazamao malori hayo wakakumbuka habari za anga za juu. Hata hivyo, katika miaka ya 1977 na 1978 roketi tatu zilirushwa kutoka katika nyanda zilizo takriban kilometa 500 kutoka Ihanda, upande wa magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Na mafuta yaliyoziendesha yalikuwa ya jamii hiyo hiyo ya dizeli na mafuta ya taa.

Roketi hizo zilikuwa za kampuni ya Kijerumani iliyoitwa kwa ufupi OTRAG. Kampuni hiyo ilianzishwa katikati ya miaka ya 1970 na mhandisi Lutz Kayser, mzaliwa wa Stuttgart, kwa fedha za watu binafsi, jambo ambalo wakati huo halikuwa la kawaida hata kidogo. Mwenyekiti wa washauri wake alikuwa Kurt Debus, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kituo cha Marekani cha kurushia roketi, kile kilichowapeleka wanadamu mwezini. Mwaka 1976 kampuni ilipewa na serikali ya Zaire haki ya kutumia eneo la kilometa za mraba 100,000 katika jimbo la Shaba hadi mwaka 2000. (Shaba, neno letu wenyewe, ndilo jina lililopewa Katanga katika enzi za Rais Mobutu.) Eneo hilo ni zaidi ya mara tatu ya mkoa mzima wa Songwe. Kituo chenyewe kilijengwa mahali paitwapo Kapani Tonneo, kwenye uwanda wa juu ulio kando ya bonde la mto Luvua, pamoja na kiwanja cha ndege kilichotengenezwa kwa ajili hiyo.

Watu wengi wanaoikumbuka habari hii huikumbuka kama kisa cha siasa. Katika makala haya tunataka kwanza kuitazama kama swali la fizikia, kwa sababu swali lililoulizwa na wahandisi wale lilikuwa zuri, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kulifuata tangu mwanzo hadi mwisho. Swali lenyewe ni hili: je, roketi ya kupeleka setilaiti angani ni lazima iwe chombo kimoja kikubwa chenye mitambo migumu na ya ghali, au yaweza kuwa tita la mabomba membamba yaliyofanana, yaliyofungwa pamoja kama tita la kuni?

Yafaa tuanze na bomba moja. Wakulima wa kahawa wa Mbozi wanalifahamu bomba la kunyunyizia dawa, hasa lile la aina ya kujazwa hewa mara moja kabla ya kuanza kazi. Dawa hutiwa mpaka kiasi fulani, nafasi ya juu huachwa kwa hewa, kisha hewa hugandamizwa kwa mkono. Mkulima akifungua mdomo wa bomba, ile hewa iliyogandamizwa ndiyo inayoisukuma dawa nje. Hakuna mota wala mtambo mwingine wowote unaozunguka ndani yake. Na kila mkulima anajua kwamba dawa hutoka kwa nguvu mwanzoni, ikadhoofika kadiri chombo kinavyokuwa kitupu.

Roketi ya OTRAG ilifanya kazi kwa namna iyo hiyo. (Lugha yetu hapa imebahatika: kifaa cha mkulima, njia ya maji na njia ya mafuta iendayo Ndola, vyote twaviita bomba.) Kila kipande cha roketi hiyo kilikuwa bomba la chuma kisichoshika kutu, lenye kipenyo cha sentimeta 27. Ndani yake mlikuwa na matangi mawili yaliyopandana, moja la mafuta na moja la asidi, na chini kabisa injini ndogo yenye kani ya msukumo ya karibu tani tatu. Theluthi mbili ya nafasi ya matangi ilijazwa vimiminika, na theluthi moja ilijazwa hewa yenye kanieneo mara 40 ya ile ya hewa tunayovuta. Roketi nyingine kubwa za nyakati zile zilitumia pampu zinazozunguka kwa kasi ya ajabu ili kusukuma mafuta kwenye injini, na pampu hizo ni miongoni mwa sehemu zilizo ghali na ngumu kuliko zote kuzitengeneza. Hapa pampu zilitupwa kabisa.

Mwalimu anaweza kuitumia kanuni ya Boyle papo hapo. Hewa iliyochukua theluthi moja ya chombo ikitanuka mpaka kukijaza chote, kanieneo yake hupungua kutoka 40 hadi kama 13. Kwa kweli hupungua zaidi, kwa kuwa hewa inayotanuka upesi hupoa. Kwa hiyo msukumo wa roketi hiyo ulikuwa ukipungua tangu kuwashwa hadi kuzimika. Msomaji asilione hilo kuwa kasoro kubwa, maana na roketi yenyewe huwa nyepesi kadiri mafuta yanavyokwisha, na kani ndogo hutosha kukiongezea kasi chombo chepesi.

Kwa nini basi mabomba yawe membamba? Tuhesabu. Kanieneo mara 40 ya hewa ni karibu kilo 40 kwa kila sentimeta ya mraba. Kani inayotaka kulipasua bomba kwa urefu wake, kwa kila sentimeta moja ya urefu, ni kanieneo mara kipenyo: 40 mara 27, yaani kilo 1,080. Mzigo huo unabebwa na kuta mbili, kila upande nusu. Sasa tukiongeza kipenyo mara mbili, kani nayo huongezeka mara mbili, hivyo ukuta hauna budi kuwa mnene mara mbili. Lakini mzingo wa bomba pia umekuwa mara mbili. Kwa hiyo chuma kinachohitajika kimekuwa mara nne. Je, mafuta yanayoingia? Eneo la duara hukua kwa kipeo cha pili cha kipenyo. Nayo pia yamekuwa mara nne. Tazama jambo hili la kupendeza: bomba moja nene na mabomba manne membamba huhitaji chuma kile kile kwa mafuta yale yale. Kwa upande wa kuta, aliyegawanya hakupata hasara yoyote, ila sasa anaweza kutengeneza kipande kimoja kidogo katika karakana ya kawaida, akakirudia mara mia.

Hasara ipo mahali pengine. Tangi la roketi yenye pampu halihitaji kubeba kanieneo kubwa kiasi hicho, kwa hiyo kuta zake huwa nyembamba sana. Bomba la OTRAG lilibeba chuma kingi zaidi kwa kila lita ya mafuta. Nasi tutaona baadaye kidogo kwamba katika safari ya kwenda angani kila kilo ya chuma hudaiwa.

Kuhusu mafuta yenyewe. Mafuta ya taa au dizeli hayawezi kuungua bila oksijeni, na huko juu hakuna hewa. Hivyo roketi hubeba oksijeni yake. Robert Goddard, Mmarekani aliyerusha roketi ya kwanza ya mafuta ya kimiminika tarehe 16 Machi 1926, alitumia petroli na oksijeni iliyogeuzwa kuwa kimiminika. Roketi kubwa iliyokwenda mwezini ilitumia mafuta ya taa na oksijeni ya namna hiyo katika hatua yake ya kwanza. Lakini oksijeni huchemka ikiwa na baridi ya digrii 183 chini ya sifuri, na kuitunza katika nyanda za Shaba kungehitaji kiwanda. Wahandisi wa OTRAG walichagua asidi ya nitriki iliyochanganywa na oksidi ya naitrojeni. Asidi hiyo huweza kukaa ndani ya tangi bila kupoozwa, na molekuli zake zimebeba oksijeni nyingi. Aliyewahi kuona moshi wake wa rangi ya kahawia katika maabara ya shule hahitaji kuambiwa kwamba ni kitu cha hatari.

Hata kiberiti hakikuhitajika. Kabla ya mafuta kuingia kwenye injini, kilitangulia kiasi kidogo cha alkoholi ya furfurili, kimiminika ambacho huwaka chenyewe mara kikutanapo na asidi ya nitriki. Alkoholi hiyo hutengenezwa kutokana na mabaki ya mazao, mathalani magunzi ya mahindi. Magunzi hayo hayo yatupwayo uani baada ya kupukuchua.

Sasa tulifunge tita. Kwa kuwa mabomba yote yalikuwa sawasawa, tofauti kati ya roketi ndogo na roketi kubwa ingekuwa idadi tu. Manne yakifungwa pamoja ni roketi ya majaribio. Makumi yangepeleka mzigo wa kiasi cha tani moja kwenye mzunguko wa dunia. Mamia yangepeleka hata tani kumi. Huo ndio ukoo wa roketi uliokusudiwa, wote wa tumbo moja. (Tani kumi si haba, ingawa zisingetosha kukiinua kimondo cha Mbozi kilichopo Ndolezi, ambacho hukadiriwa kuwa na tani 16. Hicho kilikuja kwa njia iliyo rahisi, ya kushuka.) Kuongoza nako kulirahisishwa. Injini hazikugeuzwa upande huu na huu kama zifanyavyo injini za roketi nyingine. Roketi ikitaka kupinda, vali ya injini ya upande mmoja ilifungwa kidogo na mota ndogo ya umeme, upande huo ukapungukiwa na msukumo, na tita lote likaelekea huko.

Ili kuona kwa nini mabomba mengi yalihitajika, tukumbuke kasi inayotakiwa. Setilaiti izungukayo karibu na dunia huenda kilometa 7.8 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo safari ya kutoka Mbeya hadi Tunduma haifiki robo dakika. Tukiongeza kasi inayopotea katika kupambana na mvutano wa dunia na ukinzani wa hewa, roketi hudaiwa karibu kilometa 9.3 kwa sekunde. Mrusi Konstantin Tsiolkovsky alionyesha mwaka 1903 namna ya kuhesabu deni hilo. Kwa mafuta ya aina hii tuchukue kwamba gesi hutoka kwenye injini kwa kasi ya kilometa 2.6 kwa sekunde. Hesabu ya Tsiolkovsky hutupa jibu kwamba roketi iliyoondoka na tani 36 ingefika huko juu ikiwa na tani moja tu, na ndani ya tani hiyo kuna chuma, injini, vali na mzigo wenyewe. Kwa matangi mazito ya kanieneo hilo haliwezekani kabisa.

Dawa yake ni kutupa vitupu njiani. Roketi ikigawanywa katika hatua tatu, kila hatua ikaondoka na mara 3.3 ya tungamo linalobaki baada ya mafuta yake kwisha, basi 3.3 mara 3.3 mara 3.3 hutupatia 36 ile ile, nayo kazi ya kila hatua inakuwa ya kiasi ambacho hata bomba zito laweza kuifanya. OTRAG walikusudia kuyawasha kwanza mabomba ya nje, yakiisha yaanguke, kisha yafuate ya safu ya pili, na mwisho ya kiini, kama mhindi unavyomenywa ganda baada ya ganda.

Hapa ndipo pana ugumu mkubwa, nao si wa kemia. Tuseme bomba moja linafanya kazi vizuri mara 99 katika kila mara 100. Fundi yeyote angelisifu bomba hilo. Manne yakifungwa pamoja, uwezekano wa yote kufanya kazi ni 0.99 mara yenyewe mara nne, yaani 0.96. Lakini yakiwa 64, jibu ni 0.53 tu: karibu sawa na kurusha sarafu juu. Wanafunzi wafanye hesabu hiyo wenyewe, kisha wabadilishe 0.99 iwe 0.999, watapata 0.94. Tofauti ndogo ya ubora wa kipande kimoja huwa tofauti ya kufa na kupona kwa tita zima. Urusi ya Kisovyeti ililionja jambo hili katika roketi yake ya mwezini, N1, iliyokuwa na injini 30 katika hatua ya kwanza: ilirushwa mara nne kati ya 1969 na 1972 na kuharibika mara zote nne. Mtetezi wa tita angejibu kwamba bomba moja likizimika, la upande ulio mkabala laweza kuzimwa ili kuweka mizani, na roketi iendelee na yaliyosalia. Jibu hilo ni la haki. Lakini lilihitaji kujaribiwa.

Majaribio ya Shaba yote matatu yalikuwa ya mabomba manne. La kwanza lilifanyika tarehe 17 Mei 1977, na roketi ikaruka vizuri. La pili lilifanyika tarehe 20 Mei 1978, nalo likafaulu, ingawa wiki hiyo hiyo vita vilikuwa vikiunguruma Kolwezi katika jimbo lilo hilo. La tatu, la tarehe 5 Juni 1978, lilifanywa mbele ya Rais Mobutu mwenyewe: roketi iliondoka, ikapinda njia, ikaanguka. Hakuna iliyofika kwenye anga za juu, wala hazikutengenezwa ili zifike. Zilithibitisha kwamba bomba linawaka, linasukuma na kuongozeka. Juu ya mabomba 64, au 600, hazikuweza kusema neno.

Lipo jambo jingine ambalo kwa msomaji wa Ihanda, Sumbawanga au Mpanda lina uzito kuliko hayo yote, na ramani ya darasani yatosha kulionyesha. Dunia huzunguka kuelekea mashariki. Mahali palipo digrii nane kusini ya ikweta, kama Kapani Tonneo, ardhi yenyewe huenda mashariki kwa kasi ya meta 460 hivi kwa sekunde, na roketi irushwayo kuelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure. Ndiyo sababu vituo vya kurushia hupendelea kuwa karibu na ikweta na kuwa na bahari upande wa mashariki. Jukwaa la San Marco la Waitaliano, baharini karibu na Malindi, lilikuwa na sifa zote mbili. Huko ndiko setilaiti iliyopewa jina la Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970, ingawa roketi za pale, za aina ya Scout, zilikuwa za baruti ngumu.

Kapani Tonneo ilikuwa na sifa ya kwanza tu. Mashariki yake kuna Ziwa Tanganyika, na baada ya ziwa, Tanzania nzima hadi pwani. Hatua za roketi zinazotupwa huanguka mamia ya kilometa kutoka zilikoanzia. Mwalimu achukue rula, aweke ncha moja kwenye mto Luvua na kuivuta moja kwa moja mashariki, aone ni mashamba ya nani ambayo yangekuwa chini ya mabomba matupu yenye mabaki ya asidi, laiti mpango ungefika kwenye mizunguko ya dunia. Sikupata kuona hoja hii ikipewa nafasi inayostahili katika masimulizi ya Ulaya kuhusu kampuni hiyo, ambayo hulalamika zaidi juu ya ubunifu uliozimwa na wanasiasa.

Wanasiasa kweli waliuzima. Urusi ya Kisovyeti ilidai kwamba Ujerumani Magharibi ilikuwa ikijaribu silaha kwa kisingizio cha setilaiti, na jina la Debus, aliyefanya kazi katika roketi za kivita za V-2 wakati wa Hitler, lilirahisisha madai hayo. Roketi ya mafuta yanayoweza kukaa tangini tayari kuwashwa ina mvuto kwa majeshi; hilo haliwezi kukanushwa. Lakini chombo kinachoongozwa kwa kufunga vali nusu, chenye msukumo unaopungua kila sekunde, ni vigumu kukifanya silaha ya kulenga shabaha, na kwa maoni yangu hofu hiyo ilitiwa chumvi. Mkataba wenyewe ulistahili kutiliwa shaka zaidi kuliko roketi. Aprili 1979 Zaire iliiagiza kampuni kuacha kazi.

OTRAG ilihamia Libya, ikarusha huko mwaka 1981, na kuleta hofu mpya kubwa kuliko ya kwanza. Jaribio lake la mwisho lilifanyika Kiruna, Sweden, mwaka 1983, na kampuni ikavunjwa mwaka 1987. Kayser alifariki mwaka 2017. Miezi michache baadaye, tarehe 6 Februari 2018, kampuni ya binafsi ya Marekani, SpaceX, ilirusha roketi ya Falcon Heavy yenye injini 27 zilizofanana, zote zikiwaka kwa pamoja, nayo ikafika. Roketi hiyo ilikuwa na pampu, na kompyuta zilizoweza kuitazama kila injini mara nyingi kwa sekunde, vitu ambavyo bomba la Shaba halikuwa navyo. Mabomba yaliyopata kuruka pamoja chini ya jina la OTRAG hayakuzidi manne.